Pendekezo la bwawa la mchanga limerudishwa: tujaze nini ili lipate pesa za tabianchi za kaunti?

katibu_wadi

Hamjambo wadau. Kamati yetu ya wadi ya mipango ya tabianchi, huku Ukambani, iliomba pesa za FLLoCA (programu ya kitaifa ya kufadhili miradi ya tabianchi mashinani) kwa ajili ya bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukinga mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Pendekezo limerudi na maneno mawili tu: "maelezo hayatoshi". Mto una upana wa mita 20 pale juu ya ukuta, ukuta ni mita 2.5 kwenda juu, familia zitakazochota ni 120. Naomba msaada kwa mambo matatu. Wapimaji wanatafuta nini hasa? Tutathibitishaje kiasi cha maji bila kukodi mhandisi kabla hata ya pesa kupita? Na kwa nini wadi nyingine zimeidhinishiwa miradi lakini hakuna hata jiwe lililowekwa?

bajeti_mashinani

Karibu, Katibu. Anza na hili: kapu hili si la maji, ni la kukabili hatari za tabianchi. Ukiliombea bwawa hilohilo pesa katika idara ya maji, haja ya maji inatosha. Hapa lazima lishikane na hatari iliyokwisha kuandikwa. Fungua ripoti ya tathmini shirikishi ya hatari za tabianchi ya kaunti yenu, tafuta wadi yenu, nakili jina la hatari vile lilivyo pamoja na ukurasa, kisha taja ni hatua ya ngapi katika mpango wa kaunti wa hatua za tabianchi. Mapendekezo mengi hufunguliwa kwa "wananchi wanateseka kwa kukosa maji". Ni kweli kabisa, lakini sentensi hiyo haimpi mpimaji mahali pa kutia alama.

Baada ya hapo eleza nani anaumia na kwa kiasi gani: umbali wa kisima cha sasa kwa kilomita, saa za kwenda na kurudi mwezi wa Septemba, ni familia ngapi kati ya hizo 120 zinaongozwa na wanawake, wangapi wana ulemavu na hawawezi kushuka mtoni. Ambatisha kumbukumbu za baraza zenye tarehe, majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Orodha ya waliohudhuria iliyoandikwa kwa mwandiko mmoja mwanzo hadi mwisho huonekana mara moja, na inazua maswali.

Kuhusu wadi zinazosubiri, jibu liko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti unatakiwa uwe umefika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla. Waraka wa mkakati wa fedha unafuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mradi usiokuwa kwenye mpango wa Septemba unaingia baadaye kwa bahati au kwa bajeti ya nyongeza. Kwa hiyo nendeni kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) na ofisi ya mipango Juni au Julai, msingoje vikao vya Aprili vya kuwauliza wananchi maoni, kwa sababu wakati huo kapu limeshagawanywa.

Kisha pesa zenyewe. FLLoCA inachangiwa na Benki ya Dunia, Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo KfW, Denmark na Sweden, na hupitia Hazina ya Taifa. Ni mgao wa ziada wenye masharti, kwa hiyo Bunge lazima lipitishe kwanza sheria ya migao ya ziada kwa kaunti. Baada ya hapo pesa huingia akaunti maalumu Benki Kuu, na Mdhibiti wa Bajeti ndiye anayeidhinisha zitoke. Sheria hiyo ikichelewa hadi Machi, fundi anaitwa kuchimba msingi mtoni mvua za masika zikiwa zimeanza, na hapo hakuna kazi. Ndiyo maana unaona mradi una barua ya idhini lakini hauna jiwe.

Tena ndani ya programu kuna ruzuku mbili. CCIS ni ya kuimarisha taasisi: kitengo cha tabianchi, kamati, mafunzo. Haijengi ukuta. CCRI ndiyo ya miradi, na kaunti huipata baada ya kupimwa kila mwaka kama imetimiza masharti. Kaunti ikianguka kwenye kipimo, hata pendekezo zuri namna gani halina pesa. Waulizeni waziwazi: tumepita kipimo cha mwaka huu au la?

Ulizeni pia kuhusu mfuko wa kaunti yenyewe. Kanuni za Makueni za 2015 zilitenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa tabianchi, na sheria ya Wajir ya 2016 ilitenga asilimia 2. Pesa hizo hazingoji sheria ya migao ya ziada. Someni sheria yenu inasema asilimia ngapi, halafu mlinganishe na kilichoandikwa kwenye bajeti.

fundi_mwamba

Nijibu la maji. Hesabu ya kwanza inafanywa na kamati yenyewe kwa mpira wa maji, kamba na mtungi.

Pima mteremko wa mto kwa mpira wa maji unaoonyesha usawa, mita 100 kwa mita 100, kuelekea juu. Tuseme mto unapanda sentimita 50 kila mita 100, yaani asilimia 0.5. Ukuta wa mita 2.5 utashika mchanga hadi mita 500 nyuma yake. Kingo zimelala, kwa hiyo upana wa wastani usiuweke 20, weka 16. Kina cha wastani ni nusu ya ukuta, kwa maana mchanga unazidi kuwa mwembamba kuelekea juu. 16 × 500 × 1.25 = mita za ujazo 10,000 za mchanga.

Sasa mchanga huo unatoa maji kiasi gani? Kata mtungi wa lita 20 sehemu ya juu, toboa tundu dogo chini, liwekee kizibo cha kijiti. Jaza mchanga mkavu wa mto huohuo bila kushindilia. Mimina maji polepole kwa kipimo cha lita hadi yachungulie juu. Chomoa kijiti, acha yachuruzike kwenye ndoo kwa saa moja, upime yaliyotoka. Yakitoka lita 5, mchanga wako unatoa asilimia 25 na ni mzuri. Yakitoka lita 1 au 2, huo ni mchanga laini uliochanganyika na tope. Hama, tafuta sehemu nyingine ya mto. Fanya kipimo hiki sehemu tatu tofauti, andika matokeo yote, piga picha.

Kwa asilimia 25 una mita za ujazo 2,500. Msiandike hiyo kwenye pendekezo kama maji ya wananchi. Jua linanyonya sentimita 60 za juu, mengine yanapenya chini, na mengine pampu haiyafikii. Kata nusu: 1,250. Familia 120 kwa mitungi mitano kila moja ni lita 12,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 12. Hapo una siku 104, tangu mwanzo wa Juni hadi katikati ya Septemba. Hazifiki mvua za Oktoba au Novemba, na muandike hivyohivyo: mtapunguza hadi mitungi mitatu kuanzia Julai, au mtaomba bwawa la pili juu zaidi. Pendekezo linaloonyesha pengo lake lina nguvu kuliko linaloahidi maji mwaka mzima.

Mahali pa kujenga ni jambo zito kuliko ukuta. Chukua chuma cha milimita 16, kikate alama kila sentimita 25, kigongelee mchangani kila baada ya mita chache kukata mto. Ukikichomoa, alama zinashika chembe zinazokuonyesha mchanga ulivyo na unyevu ulipoanzia. Unatafuta mwamba ulio karibu, usio na nyufa, unaovuka mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mikuyu iliyo kibichi wakati wa kiangazi ni dalili njema. Mawe meupe au ya waridi ambayo ng'ombe huyalamba juu ya mto ni dalili mbaya: maji yatakuwa ya chumvi.

Mabwawa hufa kwa njia mbili. Maji hupita chini ya ukuta kwa sababu msingi ulikaa juu ya udongo au mwamba uliooza, au huzunguka mbavuni kwa sababu mbawa, yaani ncha za ukuta zinazoingia ndani ya kingo, zilikuwa fupi. Kwenye ukingo wa udongo tifutifu ingiza mbawa kama mita 7, kwenye udongo mgumu kama mita 5. Hizo ndizo mita ambazo hukatwa BQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama) ikionekana kubwa. Msikubali zikatwe, afadhali mpunguze kimo.

Jambo la mwisho: mdomo wa kupitishia mafuriko upandishwe kwa hatua, sentimita 30 juu ya mchanga uliopo, kisha ngojeni mafuriko yajaze, ndipo mwongeze. Ukuta ukisimama wote mara moja, maji yanatulia nyuma yake na tope linazama pamoja na mchanga. Ukipima mtungi tena utapata lita 2.

mkaguzi_BQ

Nakubaliana na fundi isipokuwa hapo mwisho. Kitaalamu kujenga kwa hatua ni sahihi kwa mto wenye tope jingi, lakini pesa za serikali ni za mwaka mmoja wa fedha. Mkandarasi hatarudi mara nne kungoja mafuriko, na 30 Juni pesa ambazo hazijatumika zinarudi kwenye mfuko wa serikali. Kama mto unabeba mchanga mnene kwa wingi, jenga kimo chote. Tope jepesi huruka juu ya ukuta pamoja na mafuriko. Kama unabeba tope, andikeni hatua mbili tu katika mkataba, kila moja na malipo yake, na ya pili iwe imeshaingizwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

BQ nyingi huishia ukutani. Wekeni humo pia kisima cha ukingoni chenye pete za zege, pampu ya mkono, birika la mifugo lililo chini ya ukuta, mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya maji yanapoangukia, na kumwagilia ukuta siku 21. Mawe na mchanga mtakaoleta wenyewe yaandikwe kama mchango wa jamii kwa ujazo, msiyape bei kama pesa taslimu.

Kwa malipo, kawaida asilimia 10 huzuiwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, mara nyingi miezi 6. Mwaka wa ukame miezi 6 inapita bila mto kushuka hata mara moja, na mkandarasi analipwa ukuta ukiwa haujajaribiwa. Ombeni sharti liwe: miezi 6 na ukaguzi baada ya mafuriko ya kwanza.

katibu_wadi

Asanteni sana. Tumeanza vipimo vya mtungi. Limebaki moja: mbawa ya upande wa mashariki inaingia shamba la mtu, na juu ya hapo malori ya mchanga hupita. Kibali kipi kinatangulia?

mama_wa_jumuiya_ya_maji

Katibu, tangulizeni shamba. Ridhaa ya mwenyewe iandikwe, mume na mke wote watie sahihi, ieleze mita ngapi za mbawa, kisima kitakaa wapi na njia ya kuchotea ina upana gani, chifu ashuhudie, kisha isajiliwe kama haki ya njia. Ridhaa ya mdomo huisha siku shamba linapouzwa. Ndipo mwende Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa kibali cha kujenga na kuchota, kupitia jumuiya ya watumiaji maji ya mto huo, na kwa afisa wa kaunti wa NEMA, mamlaka ya mazingira. Tangu 2019 miradi imegawanywa kwa hatari ndogo, ya kati na kubwa, kwa hiyo mpatieni vipimo vyenu awaambie mnaandika ripoti ya aina gani.

Malori yasimame kabla ya msingi kuchimbwa. Mchanga ndio tangi lenu; lori likiuchota hapo juu, ni maji ya familia linayoyabeba. Makueni wana sheria ya kuhifadhi mchanga tangu 2015. Kama kwenu haipo, jumuiya iweke mpaka wa mita 500 zile alizokadiria fundi, kwa maandishi na sahihi za wenye mashamba ya kingo zote mbili, na nakala ikae kwa chifu na kwa polisi.

Halafu ada. Mitungi 600 kwa siku kwa shilingi 2 ni 1,200, mwezi ni 36,000 kama wote wanalipa. Kadirieni kwa nusu, 18,000. Mlinzi wa pampu, vipuri, na akiba ya kuziba ufa baada ya mvua vitoke humo, maana ruzuku haitarudi kwa ajili ya ukarabati. Jedwali hilo liwe ukurasa wa mwisho wa pendekezo, likiwa na sahihi ya mweka hazina.