Tupeane uzoefu: picha na vitu vya wazee wetu vijijini, mmevitunzaje?

Mjukuu wa Mombo
Wanajamvi, salaam. Arobaini ya bibi ilipokwisha, ukoo ulinikabidhi sanduku la bati lililokuwa uvunguni mwa kitanda chake. Kwetu ni Mombo, pale njia ya Lushoto inapoanza kupanda mlima. Babu alianzia kwenye mkonge, akamalizia kwenye reli ya Tanga–Moshi. Sandukuni mna stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, senti kumi za tundu za wakati wa mkoloni zimefungwa fundo kwenye kipande cha kanga, na picha nyingi nyeusi na nyeupe.

Kuna moja siachi kuitazama. Vijana wanne wamesimama kando ya behewa, suruali pana, mashati yamechomekwa, mmoja kashika usukani wa baiskeli. Nyuma pameandikwa "Mimi na wenzangu", basi. Babu ni wa pili kutoka kushoto. Shangazi kamtambua kwa masikio. Wale watatu hakuna anayewajua, na waliowajua tumeshawazika. Picha ni nzima, haina hata kunyanzi, lakini watu wake wamepotea.

Ndiyo maana nimeanza na majina kabla ya kununua albamu au kitu chochote. Nilikaa na shangazi barazani, picha moja moja, simu ikirekodi sauti. Halafu nikaandika nyuma kwa penseli laini, pembezoni, mkono mwepesi. Kalamu ya wino ukiikandamiza inaacha makovu upande wa mbele, na wino ukipata unyevu unahamia kwenye picha iliyo chini yake. Na usiandike "mjomba" peke yake, maana mjomba wangu kwa mwanangu ni babu. Andika jina, mtoto wa nani, wa kijiji gani.

Nyie wenzangu mmefanyaje? Karibuni.

Bi Mkubwa wa Pangani
Ahsante mwanangu. Ongeza na hili: wanawake. Kwenye picha zetu wanaume wana majina, mwanamke ni "Mama Saidi" au "mke wa Mwalimu". Marehemu mama yangu mji mzima ulimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, na wajukuu zake wengine jina lake mwenyewe walilisikia mara ya kwanza msibani. Ukimhoji mzee, uliza bibi huyu aliitwaje kabla hajazaa.

Sisi wa mwambao adui yetu ni unyevu. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu zimeharibu picha nyingi: gundi inageuka njano, picha inaganda. Usiivute. Mwanangu alipitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini ya picha, akiupeleka mbele na nyuma polepole kama msumeno, mpaka ikaachia. Zilizokataa tuliziacha palepale, tukazipiga picha na ukurasa wake. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu nayo usiibandue, ipige hivyohivyo kupitia kioo.

Kisutu cha harusi ya mama nakikunja upya mara kwa mara ili mikunjo ibadilike, maana kitambaa huanza kukatika penye mkunjo. Nimekizungushia shuka jeupe la pamba.

Mtu wa Mpwapwa
Sisi hatuna sanduku. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, mizigo ilipakiwa kwenye lori kwa haraka, tembe la babu likabaki. Mvua ziliponyesha, paa la udongo likashuka na vilivyokuwamo. Kilichookoka ni picha moja ndogo ya babu iliyokuwa ndani ya Biblia ya bibi.

Lakini nikakumbuka kwamba wazee walipopiga picha studio walichapisha nakala, wakawatumia ndugu na marafiki kwenye barua. Nikaanza kuuliza. Picha ya babu na bibi wamesimama pamoja niliikuta Kilosa, kwa watoto wa mtu aliyefanya naye kazi kwenye mkonge, imetundikwa ukutani katikati ya picha zao wenyewe. Walikuwa wanajua jina la babu yangu na hata utani waliokuwa wakitaniana. Mjukuu wa Mombo, wale watatu yawezekana kila mmoja alikuwa na nakala yake, na huenda nyuma ya mojawapo kuna majina.

Mjukuu wa Mombo
Mkuu, umenifungua macho. Naanza na familia za wazee wa reli wa Korogwe na Same.

Kitinda Mimba
Wakuu, wengi tunapiga picha kwa simu, tunatupia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, tunajua tumetunza. Ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na siku ukitaka kuichapisha kubwa uso unakuwa ukungu. Tuma kama dokumenti, na uhifadhi sehemu mbili tofauti, simu peke yake haitoshi. Piga mchana karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Ukipata skana, picha ndogo iweke DPI 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Na upande wa nyuma upige pia!

Mzaliwa wa Wete, niko Maskati
Assalaam alaykum. Huo upande wa nyuma ndio uliotufaa sisi. Tulitoka mwaka 1964 nikiwa wa kubebwa, mama akiwa na picha chache mkobani. Moja ina mhuri wa Capital Art Studio, ile ya Unguja aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Sisi siku zote tulidhani imepigwa Pemba. Binamu zangu wa Wete walipouona mhuri wakakumbuka safari ya wazee kwenda harusini Unguja, na kwamba wale wasichana wawili ni ndugu zake mama. Mmoja yuhai, yuko Chake Chake. Tukampigia kwa video tukamwonesha. Akawataja wote, mpaka yule aliyetokea mkono tu pembeni.

Mdawida wa Voi
Hamjambo. Huku kwetu picha hufia matangani. Mzee akifariki, mtu anachomoa picha nzuri kuliko zote, anaipeleka mjini kuchapisha programu ya mazishi, na hairudi. Sasa tumekubaliana nyumbani: picha halisi haitoki, hutoka nakala.

Mimi nina kipande cha babu, yaani cheti chake cha utambulisho, na kikopo chake cha chuma. Kuanzia mwaka 1920 hivi serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika hapa Kenya kubeba cheti hicho, na wengi walikivaa shingoni. Kikopo kina kutu. Binamu alitaka kukisugua king'ae, nikakataa. Pale kamba ilipopita, chuma kimelika kwa miaka ya kutembea nacho, na nataka watoto waone hivyo. Karatasi nimeitoa kwa sababu kutu huila, nimeiweka kwenye bahasha yake, mahali pakavu. Na sitailamineti: ile plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena bila kuondoka na karatasi.

Wa Kyela
Samahani wakuu, mvua zimeingia nyumbani kwa mama na picha zimelowa, zimeshikana rundo. Nizianike juani?

Kitinda Mimba
Pole sana mkuu. Usizianike juani, na usiache zikauke zikiwa zimeshikana. Tia maji safi ya baridi kwenye beseni, ziloweke, zitenganishe taratibu zenyewe zinapoachia. Usiguse upande wenye sura, ndio unaochubuka. Suuza tope, zitandaze kivulini penye upepo, sura juu. Zile za siku hizi zilizochapishwa kwa printa ya wino usiziloweke, rangi itatoka. Hizo zitenganishe na uzikaushe tu. Kama ni nyingi kuliko unavyoweza leo, ziweke kwenye mfuko wa plastiki, zitie kwenye friza, utaendelea nazo baadaye. Anza na nyeusi na nyeupe za wazee, maana hizo huenda hazina nakala popote.