Kibodi ya simu kwa Kiswahili: nibadilishe nini ili niandike haraka?

Wakuu, nina Gboard kwenye Android. Maneno ya Kiswahili yanageuzwa Kiingereza, na kidole gumba hakifiki herufi za mbali. Nianzie wapi?

Jibu 1
Mkuu, anza na lugha. Ingia mipangilio ya Gboard, sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili, kisha ruhusu lugha zote mbili zitumike pamoja. Bila hivyo kamusi inayosoma ni ya Kiingereza tu, ndiyo maana "sana" inageuzwa. Ikiendelea kukusumbua, zima kujisahihisha lakini acha mapendekezo ya maneno juu ya herufi. Wengi huzima vyote viwili, wakajinyima msaada wa bure.

Kidole gumba: washa hali ya mkono mmoja, kibodi itasogea upande utakaouchagua. Ongeza urefu wake pia. Vitufe vikiwa vifupi mno ndipo unapogusa vya jirani.

Jibu 2
Nyongeza: muda wa kubonyeza kwa kushikilia kwa kawaida umewekwa milisekunde 300. Ukiandika namba kwa kushikilia safu ya juu, shusha hadi 200 hivi. Ukishusha mno, namba zitajipenyeza katikati ya maneno. Afadhali uwashe safu ya namba.

Kwenye kamusi binafsi weka vifupisho: "asn" kwa "Asante sana, nimepokea". Usitumie neno halisi kama "na", litakukera kila sentensi.

Muuliza swali
Na kurekebisha kosa katikati ya neno?

Jibu 2
Telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kishale (alama ya mahali unapoandika) kinafuata.