Guangzhou mara ya kwanza: metro ataiweza mgeni asiyejua Kichina?

Mama_Vitenge:
Wakuu habari za jioni.

Mwezi ujao naenda Guangzhou, safari yangu ya kwanza. Naongozana na shangazi yangu, yeye ameshaenda mara sita. Ajabu ni kwamba safari zote hizo hajawahi kukanyaga metro, zile treni za chini ya ardhi. Kila mahali ni teksi, au anamlipa kijana wa kumzungusha. Nimepiga hesabu ya siku tisa, hiyo pesa ni mzigo kabisa.

Hoteli yetu iko Xiaobei, ule mtaa wenye Waafrika wengi. Tutakuwa na mizunguko ya Sanyuanli kwenye mabegi na Zhongda kwenye vitambaa, na siku moja nimeitenga ya kutembea tu kama mtalii, nione mnara wa Canton Tower na kisiwa cha Shamian. Shangazi msimamo wake ni mmoja: "Kule chini ukipotea hupatikani."

Naomba kujua, nauli inalipwaje? Nitajuaje pa kushukia? Na kutoka uwanja wa ndege inawezekana? Kichina changu kinaanzia na kuishia kwenye "nihao".

Mzee_wa_Kontena:
Dada, shangazi msikilize kwenye bei za mabegi. Kwenye metro msamehe tu.

Kusoma hakukupi shida. Kila kituo kimeandikwa kwa Kichina na kwa herufi zetu hizi, na ndani ya treni wanatangaza kwa lugha tatu: Kichina cha kitaifa, Kikantoni cha wenyeji, halafu Kiingereza. Juu ya mlango kuna ramani ya laini nzima inayowaka taa. Mimi nilihangaishwa na kitu kingine, majina kufanana.

Safari yangu ya pili nilitoka uwanja wa ndege nikijiona mwenyeji. Kichwani nimekariri "Xiao", basi. Nimeingia laini ya 2, vituo vichache naona Xiao ukutani, nikaruka na sanduku langu. Nafika juu, hakuna Mwafrika hata mmoja, hakuna harufu ya nyama ya kuchoma, ni maghorofa na akina mama wanatembeza wajukuu. Kumbe nimeshuka Xiaogang. Na uchawi zaidi, kuna Xiaogang nyingine kwenye laini ya 8, ambayo utaipita ukienda Zhongda! Kwa herufi zetu ni jina moja, kwa Kichina ni mambo mawili tofauti. Kwa hiyo hifadhi kwenye simu picha ya jina kwa Kichina. Kwenu ni hili: 小北. Hata usipoweza kulisoma, macho yatalilinganisha na la ukutani, na mtu yeyote ukimwonyesha atakunyooshea kidole.

Njia sasa. Uwanja wa ndege uko laini ya 3 na una vituo viwili: Airport South ni cha Terminal 1, Airport North ni cha Terminal 2. Panda laini ya 3 mpaka Jiahewanggang, badili laini ya 2 iliyoandikwa Guangzhou South Railway Station, shuka Guangzhou Railway Station. Hapo badili laini ya 5 inayoelekea Huangpu New Port, kituo kimoja tu, Xiaobei hiyo. Hilo jina la mwisho wa safari ndilo linalokuambia usimame upande gani wa jukwaa. Usiseme "naelekea mjini", wao hawana habari na mjini kwako.

Angalia pia, "Guangzhou Railway Station" na "Guangzhou South Railway Station" ni vituo viwili, na viko mbalimbali sana. Kuna na East vilevile.

Kariakoo_Kwanza:
Malipo nakupa mimi. Pakua Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, ukiwa BADO Dar. Sajili pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, na waambie benki wakufungulie matumizi ya nje. Benki ikituma ile namba ya uhakiki kwa meseji, laini yako ya simu iwe inasoma. Watu wanafika kule, laini haishiki, namba haiingii, wanaanza kulaumu Wachina.

Ndani ya Alipay ingia sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, itakutolea QR, ile picha ya mraba ya kuskani. Unaionyesha getini ukiingia, unaionyesha tena ukitoka, nauli inakatwa yenyewe. QR moja mtu mmoja, hamuwezi kupita wawili kwa simu moja.

Nauli inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza, inapanda kidogo kidogo kwa umbali. Hata kutoka uwanja wa ndege mpaka Xiaobei hufiki yuan 10.

Mama_Vitenge:
Yuan kumi?? Shangazi teksi ya kutoka uwanjani analipa zaidi ya mia!

Sasa yeye simu yake ni ya kupiga na WhatsApp tu. Atapitaje?

Kariakoo_Kwanza:
Atatumia tokeni, kidude cha duara cha plastiki kama kifungo kikubwa cha koti. Mashine zina Kiingereza: unagusa kituo unachokwenda, unalipa, kinadondoka. Muwe na noti ndogo na sarafu, noti ya 100 isahau. Na mashine nyingine fedha taslimu hazitaki kabisa, ni simu tu, hapo mlipie wewe kwa Alipay yako. Mkikaa siku nyingi mnunulieni kadi ya Yang Cheng Tong, anaigusisha tu, na kwenye basi inatumika pia.

WhatsApp msiitegemee kwa intaneti ya hoteli, imefungwa kule, na ramani za Google hivyohivyo. Ukitumia rominga ya laini ya huku, au eSIM ya kimataifa, inapita. Alipay haina shida hiyo.

Jasiri_haachi:
Mimi nitatofautiana nanyi. Metro ni ya watalii na wanafunzi. Mfanyabiashara muda ni pesa, unabadilije treni mara mbili na shangazi mtu mzima?

Mzee_wa_Kontena:
Mkuu, saa kumi na moja jioni teksi inakaa kwenye foleni huku mita inasoma. Hapo nani kapoteza muda?

Ila kwenye mzigo nakuunga mkono. Kila kituo begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya geti. Waliopanda SGR pale Dar wanaujua huo utaratibu, tofauti ni kwamba kule unaukuta kila unapoingia, hata kama unakwenda kituo kimoja. Chupa ya maji wanaweza kuiweka kwenye kimashine chao au kukuambia unywe kidogo. Kisu hata kiwe cha kumenyea maembe usibebe. Na ukitokea na mifuko miwili ya shangazi kaja imejaa pomoni, watakurudisha. Asubuhi nenda kwa metro, jioni rudi na mzigo kwa gari. Au mwachie mwenye duka apeleke kwenye ghala la wakala wako, wengi hawakatai.

Wa_Eastleigh:
Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi niseme moja tu: Tiyu Xilu. Hapo laini ya 1 na ya 3 zinakutana, na hiyo laini ya 3 ina matawi, kwa hivyo watu wote wanamwagikia pale. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi usipitie huko na mama mzee. Hakuna matusi wala kuvutana, lakini unabebwa na watu mpaka miguu haigusi chini. Nilipoteza kiatu kimoja. Sikukirudia.

Laini ya 1 kuna behewa la wanawake saa hizo za msongamano, limewekwa alama za waridi. Wanaume huingia tu, lakini angalau nafasi inapatikana.

Binti_Forodhani:
Assalam alaykum. Siku yako ya matembezi, mnara shuka Canton Tower: chukua laini ya 5 hadi Zhujiang New Town, kisha laini ya 3, kituo kinachofuata ndicho. Shamian shuka Huangsha, laini ya 1 au ya 6. Na kama shangazi yako anapenda kuswali pahala penye historia, laini hiyo hiyo ya 1 kuna kituo cha Ximenkou, hapo karibu upo msikiti wa Huaisheng, wa kale sana, na mnara wake mweupe mviringo. Mavazi ya heshima tu.

La kuongeza ni milango. Kituo kimoja kina mlango A, B, C, D, na mara D1 na D2. Ukitokea mlango siwo unajikuta ng'ambo ya barabara ya magari, huna pa kuvukia, jua linakuwakia. Kila anayekuelekeza duka, mwambie akupe na herufi ya mlango.

Jasiri_haachi:
Hilo la milango ni kweli. Nimeumia nalo.

Mama_Vitenge (wiki sita baadaye):
Wakuu nawaandikia nikiwa Xiaobei, hotelini, miguu ndani ya beseni.

Siku ya kutua tulichukua teksi, ilikuwa karibu usiku wa manane na treni zilishafunga. Metro tumeanza leo, kwenda Sanyuanli. Mimi QR ilipita kama maji. Shangazi nikamnunulia tokeni, akaigusisha getini, geti likafunguka, akacheka peke yake. Halafu, kwa kuogopa kuipoteza, akaifunga kwenye pindo la khanga aliyojifunga kiunoni. Fundo lile la hela ya sokoni.

Tumefika Sanyuanli, mimi nimeshatoka, nageuka namwona kasimama getini anahangaika na fundo kwa meno. Nyuma yake foleni, wamenyamaza kimya. Fundo likaachia, akaigusisha tena kama mwanzo, geti likagoma. Akagusisha tena, likagoma. Mimi niko ng'ambo napiga kelele za Kiswahili. Bibi mmoja wa Kichina nyuma yake akaichukua taratibu mkononi mwake, akaitumbukiza kwenye kitundu. Kumbe ukitoka inamezwa! Hilo hamkuniambia.

Kariakoo_Kwanza:
Hahaha, nisamehe dada, nilisahau kabisa.

Mama_Vitenge:
Umesamehewa. Tumerudi kwa treni pia, mabegi ya sampuli mkononi, mzigo wenyewe umekwenda ghalani. Sasa hivi kanitupia simu yake kitandani, anataka nimuwekee hiyo QR leo leo. Anasema kesho Zhongda hafungui fundo mbele za watu.