Tupeane uzoefu: pawa saplai ya kompyuta ya gemu, wewe ulichaguaje?

Bahari_Nyali
Salaam ndugu zangu. Najiundia kompyuta ya gemu kidogo kidogo tangu Ramadhani. Kadi ya grafiki ninayo, RTX 3060. Prosesa Ryzen 5 5600, madabodi, kasha, vyote tayari. Imebaki pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Dukani kuna moja ya 650W, maandishi ya dhahabu, elfu tatu. Yenye jina, wati hizo hizo, elfu kumi. Hizo elfu saba nyingine ni za nini? Sitaki mahubiri, niambieni yaliyowakuta.

Boflo_Majengo
Yakhe, hiyo ya dhahabu nimewahi kuwa nayo, yangu ilikuwa "700W". Kuandika, kutazama video, haina neno. Nikifungua gemu, dakika kumi tu, skrini nyeusi, kompyuta inajiwasha upya. Nikalaumu kadi. Nikalaumu joto, maana ilikuwa kaskazi na chumba changu tanuri. Nikafungua kasha nikaielekezea feni ya mezani. Wapi! Mwisho nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Hakuiwasha hata. Aliigeuza ubavu akanionyesha kibandiko, mstari wa +12V: 25A. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la meza, volti 12 mara ampea 25, wati 300. Kadi na prosesa hula hapo kwenye 12V. Zile wati nyingine wamejumlisha mistari ya 3.3V na 5V, ambayo mashine za leo haziitegemei sana, na zilizobaki wanajua wao walikozitoa. Kisha akanipa niishike: nyepesi kama boflo. Akaifungua. Pale pa kichujio cha umeme, palipotakiwa koili na kapasita, walikuwa wameunga vipande vya waya tu, basi.

Likoni_Kivukoni
Yangu fupi, ina moshi. Nilinunua kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai kuna kiswichi chekundu, 115 au 230. Soketi zetu ni 240. Sikukitazama, kumbe kiko 115. Nilichomeka tu, PA! Kama fataki ya Idi. Paka wa jirani mpaka leo hapiti mlangoni kwangu.

Bint_Kibokoni
Mimi pawa yangu ni nzuri, lakini kasha lilikuwa likinichonyota kila nikiligusa miguu mitupu sakafuni. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe nyumba yetu ni ya zamani, soketi ina tundu la tatu lakini ndani hakuna waya wa ardhi. Kichujio cha pawa saplai hupeleka umeme kidogo sana kwenye bati la kasha ili ushuke ardhini. Ukikosa pa kwenda, unakungoja wewe. Ami alileta fundi wa stima, akavuta waya, yakaisha. Kwa hiyo Bahari, kabla ya hizo elfu kumi, pima soketi.

Changamwe_Relini
Ukinunua yenye nyaya za kuchomoa, nyaya za ile ya zamani zitupe. Nilibadilisha pawa nikaacha nyaya za mwanzo kwa uvivu, plagi zikaingia vizuri kabisa. Upande wa pawa kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka. Diski ya picha za harusi ya dada ikaungua. Dada bado ananuna.

Abuu_Kisauni
Na msidanganywe na cheti cha 80 Plus peke yake. Kinapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unaifikia kompyuta bila kupotea kama joto: kwa mzigo wa nusu, kwenye kipimo cha 115V, Bronze ni 85%, Gold 90%. Hakisemi itavumilia vipi stima ikikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja. Mimi nimeweka gadi ya friji. Stima ikirudi, inasubiri kwanza itulie ndipo ipitishe.

Boflo_Majengo
Bahari, NVIDIA wenyewe wanashauri 550W kwa 3060, ila ziwe wati za kweli. Kadi peke yake ni 170W, prosesa 65W na zaidi kidogo ikikazana. Kasome kibandiko.

Bahari_Nyali
Nimetoka dukani sasa hivi. Niliomba niigeuze, muuzaji akanitazama kama nimemtukana. +12V, 22A. Nimeiacha pale pale kwenye kioo. Kompyuta itangoja mshahara wa mwezi ujao. Bint, huyo fundi wa ami anapatikana siku gani?