Mjadala: John Harrison alidhulumiwa, au Bodi ya Longitudo ilikuwa na haki?

Wakuu, hadithi ni ileile kila mahali: fundi seremala aliunda saa iliyomaliza tatizo la longitudo baharini (kujua meli iko wapi kuelekea mashariki au magharibi), wanafalaki wa Uingereza wakamnyima chake kwa kijicho. Mimi nabisha.

Sheria ya 1714 ya Bunge la Uingereza, iliyosimamiwa na Bodi ya Longitudo, iliahidi pauni 20,000 kwa njia ya kupata longitudo isiyokosea zaidi ya nusu digrii. Wazo la saa ni hili: inabeba muda wa bandari uliyotoka, unaulinganisha na muda wa jua hapo ulipo, tofauti inakupa longitudo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo nusu digrii ni dakika 2 tu za muda. Kwa safari ya wiki 6, saa isipotee hata sekunde 3 kwa siku, huku meli ikiyumba na joto likibadilika. Kazi si ndogo.

Saa ya nne ya Harrison ilipelekwa Jamaica 1761, na hesabu ikaonyesha kosa la sekunde 5 hivi. Ila sekunde hizo zilipatikana baada ya kufidia kuchelewa kwa saa hiyo kila siku, kiasi ambacho Harrison hakukitangaza kabla ya safari! Bodi kudai jaribio jingine ilikuwa sawa, hela ni za umma. Na walipomtaka 1765 aeleze siri ya saa, wengine waweze kuiunda, walikosea wapi? Saa moja haiongozi meli zote.

*Jibu:* Mkuu, mbona umeiruka safari ya majaribio ya Barbados? 1764 saa ilikosea sekunde 39 tu kwa siku 47. Masharti yalitimia na chenji ikabaki. Ndipo wakatunga sheria mpya: nusu ya pesa sasa, nusu baadaye. Kazi imeshafika mkononi, unabadili mkataba? Halafu saa ikapelekwa kituo cha wanafalaki cha Greenwich kupimwa na Nevil Maskelyne, mwanafalaki mkuu wa mfalme na mtetezi mkubwa wa njia pinzani: kupata longitudo kwa kupima umbali wa mwezi na nyota angani. Mshindani ndiye refa! Mzee alilipwa pauni 8,750 na Bunge 1773, ana miaka 80, tena baada ya Mfalme George III kumtetea.

*Mleta mada:* Kwa Maskelyne sina utetezi, hakupaswa kuigusa ile saa. Lakini almanaka yake ya 1767, yenye majedwali ya mwezi na nyota, ilipunguza hesabu ya mwezi kutoka saa kadhaa hadi nusu saa hivi, na ni kitabu ambacho nahodha yeyote angekimudu. Nakala ya saa iliyoundwa na Larcum Kendall, ile aliyosafiri nayo nahodha James Cook 1772, iligharimu pauni 450. Mwenye meli ya kubeba makaa ya mawe angeitoa wapi hela hiyo?