Nimehamishwa kwa amri, leo naambiwa eti niliomba mwenyewe!

Wakuu, nimechoka kwelikweli. Mwaka wa pili huu nadai fedha za uhamisho, na kila nikienda ni "fuatilia wiki ijayo".

Barua niliipata Ijumaa mchana, wiki moja baadaye niwe nimesharipoti. Nikauliza nauli, posho ya kujikimu na gari la mizigo. Afisa utumishi akanijibu fungu halina kitu, "jigharamie, tunza risiti, utarudishiwa." Nikakopa. Mke, watoto watatu, vitanda, na kabati la vyombo lililofika mlango mmoja unaning'inia.

Juzi ndiyo nimeliona jalada langu. Pembeni mwa fomu ya madai, kalamu nyekundu: "Amehama kwa ombi." Ombi gani jamani? Wakanitolea barua niliyoandika zamani nikiomba kituo kingine kabisa, ambacho hata sikupelekwa! Na ugomvi wote uko hapo hapo: ukihama kwa ombi lako unajigharamia, ukihamishwa kwa manufaa ya umma mzigo ni wa mwajiri. Maneno matatu ya kalamu, deni limefutika.

Eti pia risiti ya lori haisomeki. Ile karatasi ya mashine, imekaa kwao miezi 19, imebaki nyeupe pee! (Fotokopi ninayo. Nanyi pigeni siku ileile, wino ule hauaminiki.)

Afisa naye ahadi yake kaikana. Hapo nakiri uzembe wangu, sikumwambia aandike.

Sasa maneno ya kwenye korido sitaki tena. Nimepeleka barua: kama dai mmelikataa, niandikieni, na mtaje kanuni. Nimeambatisha barua ya uhamisho, ambayo haina neno "ombi" hata moja, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila jibu la maandishi utakatia rufaa kitu gani? Wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hukujibu wamesimama mlangoni, funguo mkononi.

Aliyewahi kushinda dai la hivi anisaidie: wakiendelea kukaa kimya, naweza kuuhesabu ukimya wao kuwa ni kukataa nikapanda ngazi ya juu, au lazima nisubiri barua? Chama cha wafanyakazi nimeshakwenda. Wameniambia nifuatilie wiki ijayo.