Dodoma: nifuatilieje uchumi wa jiji robo kwa robo?

mkazi_ipagala

Wakuu, habari za kazi. Naomba wenye uelewa wa takwimu na biashara ya Dodoma wanisaidie. Kuna mtaji wa jambo moja tu kati ya mawili: kupanua stoo ya saruji na nondo upande wa Nzuguni, au kuongeza vyumba 8 kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba 20. Nataka uamuzi usimame kwenye mwenendo wa robo mwaka, sio kwenye maneno ya "Dodoma inakua".

Taarifa za Pato la Taifa za robo mwaka za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) ninazo, ila ni za nchi nzima. Za Dodoma peke yake sizioni. Je, zipo? Kama hazipo, mtu anapima kwa nini? La pili: mauzo ya duka ya Aprili–Juni 2024 yalikuwa milioni 84, Aprili–Juni 2025 milioni 91. Hapo pamekua au la?

TakwimuMezani

Mkuu, usizitafute, hazipo. Pato la Taifa la robo hutolewa kwa nchi nzima, takriban miezi mitatu baada ya robo kwisha. Pato la mkoa hutolewa kwa mwaka, tena kwa bei za mwaka husika, kwa hiyo ndani yake kuna mfumuko wa bei. Kitu cha karibu ni ripoti ya Benki Kuu ya uchumi wa kanda, ambayo hutoka kila robo. Dodoma imo Kanda ya Kati pamoja na mikoa mingine. Isome kwa ajili ya mazao, makusanyo ya kodi na mikopo, ila usichukue namba ya kanda ukaiita ya jiji.

Kabla ya chochote amua unapima eneo gani. Mkoa wa Dodoma una wilaya saba: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Sehemu kubwa ni kilimo na mifugo. Jiji ni wilaya moja tu, na linakwenda kwa mwendo wake. Sensa ya 2012 ililikuta na watu 410,956, ya 2022 ikalikuta na 765,179. Hiyo ni wastani wa asilimia 6.4 kwa mwaka, karibu asilimia 1.6 kila robo. Mkoa mzima ulitoka 2,083,588 ukafika 3,085,625, karibu asilimia 4 kwa mwaka. Ukichanganya hizo mbili, hesabu yote inapinda.

Sasa milioni zako 91. Gawa kwa 84, unapata 1.083, yaani ongezeko la asilimia 8.3. Toa bei: tuseme mfumuko wa mwaka ni asilimia 3.2, gawa 1.083 kwa 1.032, inabaki 1.050. Hapo ndipo wengi wanapoishia na kufurahi kwamba wamekua kwa asilimia 5. Lakini jiji limeongeza watu. Gawa tena kwa 1.064, unapata 0.987. Kwa kila mkazi, duka limeshuka kwa asilimia 1.3. Wateja wapya wamekuja mjini na sehemu yao imekwenda kwa mwingine. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye mji unaokua haraka: kila mtu anaona mauzo yanapanda, na kila mtu anadhani ni juhudi zake.

Angalizo moja: 3.2 ni ya kapu la matumizi ya kaya, lenye chakula, kodi ya nyumba, nauli na kadhalika. Wewe unauza nondo. Ni bora utengeneze kapu lako: chukua bidhaa kumi zinazobeba mauzo mengi, andika bei ya kila moja tarehe 15 ya kila mwezi, zipe uzito kwa mauzo ya mwaka uliopita, kisha pata wastani wa robo. Saruji ikishuka bei huku mfumuko wa nchi uko juu ya 3, kutumia 3.2 kutakuonesha umeshuka ilhali mifuko iliyotoka dukani imeongezeka. Hesabu mifuko pamoja na fedha, kila siku.

mkazi_ipagala

Asante sana mkuu, hiyo ya kugawa kwa idadi ya watu sikuwahi kuifikiria. Swali dogo: taarifa nyingine zinaandika "robo ya kwanza" na namba hazilingani na zangu za Januari–Machi. Tatizo ni nini?

TakwimuMezani

Ni kalenda mbili. Pato la Taifa linahesabu Januari–Machi kuwa robo ya kwanza. Bajeti ya Serikali na halmashauri inaanza 1 Julai, kwa hiyo robo yao ya kwanza ni Julai–Septemba. Taarifa ya mapato ya halmashauri ikisema "robo ya tatu", inaongelea Januari–Machi. Kwenye daftari lako usiandike namba ya robo kabisa. Andika miezi.

Na ulinganishe robo na robo ileile ya mwaka uliotangulia, usilinganishe na robo iliyopita. Hata hivyo kuna mitego. Januari–Machi 2024 ilikuwa na siku 91, ya 2025 siku 90, na siku moja ni zaidi ya asilimia moja ya robo. Sikukuu nazo zinahama: Pasaka ya 2024 ilikuwa 31 Machi, ya 2025 ikaangukia 20 Aprili. Idd el Fitr ikafanya kinyume chake, kutoka Aprili 2024 kurudi mwishoni mwa Machi 2025. Ukiuza nguo au vyakula, robo hizo mbili huwezi kuzilinganisha kavukavu. Jumlisha Januari–Juni, ulinganishe nusu mwaka kwa nusu mwaka.

Nondo12

Naongezea upande wa ujenzi, maana hapo ndipo stoo itaponea au itafia.

Msingi wa ujenzi Dodoma ni fedha za Serikali na watumishi waliohamia: Mji wa Serikali Mtumba, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, na nyumba za watu binafsi zinazofuata nyuma ya miradi hiyo. Fedha hizo hazitoki sawasawa mwaka mzima. Aprili hadi Juni ofisi zinakimbizana na 30 Juni, hati za malipo za wakandarasi zinapitishwa, na mkandarasi akilipwa naye analipa deni la dukani. Julai na Agosti bajeti mpya imepitishwa lakini fedha hazijaanza kushuka vizuri. Mauzo ya taslimu yanapoa. Mwenye duka anaona Juni imechangamka, anajaza stoo Julai kwa mkopo, na saruji inakaa. Saruji haipendi kukaa. Ikipita miezi mitatu, nguvu yake inapungua hata kama mfuko haujaloana, na ukiipanga moja kwa moja sakafuni inaganda mapema zaidi. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, mirundo isizidi mifuko kumi kwenda juu, na ya kwanza kuingia iwe ya kwanza kutoka.

Kuhusu vipimo: bei ya saruji sio kipimo kizuri cha uchumi wa Dodoma. Mfuko wa kilo 50 unasafiri kutoka Dar es Salaam, Tanga au Mbeya, kwa hiyo bei yake inaeleza kiwanda na dizeli kuliko mahitaji ya hapa. Bei kikomo za mafuta, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na Dodoma ina mstari wake kwenye jedwali, ziweke kwenye daftari ujue kupanda kwa saruji kumetokana na nauli au la.

Ukitaka kujua ujenzi wa hapa unapumua vipi, angalia vitu vitatu visivyosafiri mbali: lori la mchanga, tofali la inchi sita, na ujira wa siku wa saidia fundi. Vyote vikipanda kwa pamoja huku dizeli imetulia, kazi zipo. Mchanga ukipanda peke yake, mara nyingi ni mvua imefunga njia ya korongoni au ushuru umebadilika. Saidia fundi ndiye kipimo ninachokiamini zaidi, kwa sababu ujira wake hauna kiwanda nyuma yake. Uliza kwenye vijiwe vitatu tofauti, wiki ileile ya mwezi, saa ileile ya asubuhi. Andika pia idadi ya walioachwa kijiweni saa tatu. Wakibaki wengi wakati ujira haujashuka, ujue utashuka mwezi unaofuata.

Kwa kuona mbele zaidi, fuatilia zabuni za ujenzi kwenye NeST (mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya Serikali), vibali vya ujenzi vya jiji na viwanja vilivyopimwa. Zabuni ikitangazwa leo, nondo zake zinanunuliwa robo moja au mbili baadaye. Maombi ya kuunganishiwa umeme yanakuja mwishoni kabisa, nyumba ikiwa tayari ina bati, kwa hiyo hayo yanakuambia yaliyokwisha kutokea. Watu wengi wanayachukulia kama dalili ya kesho na wananunua nondo kwa nyumba ambazo zimeshaezekwa. Yakipanda, ongeza rangi, nyaya na vyoo.

Mama_Loji

Ndugu yangu, nikuongeleshe vyumba.

Usipime loji kwa fedha iliyoingia. Pima kwa vyumba vilivyolala wageni. Vyumba 20 kwa Julai–Septemba ni usiku 92, jumla nafasi 1,840. Ukiuza 1,104 ni asilimia 60. Bei ya wastani ihesabu pembeni. Hizo namba mbili ziwe safu mbili tofauti, kwa sababu unaweza kupandisha bei na kupoteza wageni, fedha ikabaki ileile, usijue kama umeumia.

Mapigo ya loji za Dodoma yako manne. La kwanza ni Bunge: mkutano wa mwishoni mwa Januari hadi Februari, ule mrefu wa bajeti kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, mmoja mfupi kati ya Agosti na Septemba, na mwingine Novemba. La pili ni vyuo, wazazi na wanafunzi wanapofika kwa usajili mwishoni mwa mwaka. La tatu ni semina na vikao vya wizara, ambavyo vinafuata fedha za bajeti kama Nondo12 alivyoeleza. La nne ni wafanyabiashara wa mazao, wa mahindi Kibaigwa na alizeti baada ya mavuno, na wa zabibu, ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Sasa usikose hili. Mwaka wa uchaguzi unaharibu ulinganisho. Bunge lilivunjwa Agosti 2025 kwa ajili ya uchaguzi wa 29 Oktoba, kwa hiyo mkutano ule wa Agosti–Septemba haukuwepo. Loji iliyoshuka Julai–Septemba 2025 ukilinganisha na 2024 si lazima iwe imepoteza soko. Na Julai–Septemba 2026 itaonekana imepanda sana kwa sababu ileile. Linganisha 2026 na 2024, sio na 2025.

Jambo lingine ni treni. SGR (reli ya kisasa) ilianza kubeba abiria Dar es Salaam–Dodoma mwishoni mwa Julai 2024. Treni ya haraka inachukua chini ya saa nne, basi lilikuwa linakula siku nzima. Mtu mwenye kikao cha saa nne asubuhi sasa anaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Wageni wanaongezeka mjini huku usiku wanaolala ukipungua kwa kila mgeni, na namba ya abiria haitakuonesha hilo. Kwenye kitabu cha wageni ongeza safu ya "usiku ngapi", kisha kila robo gawa jumla ya usiku kwa idadi ya wageni. Ikitoka 2.1 ikaenda 1.6, vyumba 8 vya kawaida sio jibu. Mgeni wa usiku mmoja anataka chumba safi karibu na stesheni, chai mapema na usafiri. Anayekaa mwezi mzima, mtumishi aliyehamishwa bila familia, anataka chumba chenye jiko dogo, na huyo haendi na kalenda ya Bunge.

mkazi_ipagala

Dada Mama_Loji, Nondo12, TakwimuMezani, nawashukuru kwa dhati. Swali la mwisho: inatakiwa robo ngapi za kumbukumbu kabla ya kuamini mwelekeo?

TakwimuMezani

Nane ndiyo kima cha chini, kwa sababu kila robo inahitaji mwenzake wa mwaka jana. Ukiwa na nane, tengeneza jumla ya robo nne zinazotembea: jumlisha robo nne za mwisho, robo mpya ikiingia toa ya zamani kabisa. Msimu wa Bunge na wa mavuno unajifuta wenyewe humo ndani. Hiyo jumla ikishuka mara mbili mfululizo baada ya kutoa bei na ongezeko la watu, usipanue.

Angalia pia riba. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza Riba ya Benki Kuu kila robo: ilianza na asilimia 5.5, ikawa 6 Aprili 2024, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Benki yako haitashusha riba ya mkopo siku inayofuata, lakini ndiyo hoja ya kwenda nayo unapojadiliana.

Nondo12

Na kama stoo itajengwa, isikamilike Julai. Ifunguliwe Februari au Machi, saruji iwe ndani kabla ya Aprili. Ila mvua za Dodoma huwa Desemba hadi Aprili, kwa hiyo paa na sakafu viwe tayari kufikia Novemba, na sakafu inyanyuliwe walau sentimita 30 juu ya usawa wa nje. Nzuguni maji yakishuka yanashuka kweli.

mkazi_ipagala

Nimeelewa. Naanza na vijiwe vya saidia fundi wiki hii, na safu ya "usiku ngapi" leo jioni.